Somo la Historia: Kengele Yamwita Nani?

(Kengele inalia mara tatu.)

  Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu ana karatasi yake ya somo, na aliye nyuma asogee mbele apate kusikia. Nitasoma polepole. Fuateni maneno kwa kidole kama mlivyozoea.

Mmesikia kengele ikilia mara tatu. Je, mlifanya nini? Nadhani wengi wenu mliacha mazungumzo, mkaitazama redio. Mimi sikuwaambia, "Nyamazeni." Kengele nayo haikutamka neno hata moja. Lakini mlijua kwamba somo linaanza, kwa sababu tumekwisha kupatana hivyo.

Basi, hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka leo. Kengele ni madini tu. Ina mlio, lakini haina maneno. Maana yake hutiwa na watu. Na kwa kuwa hutiwa na watu, hapana budi tuulize: ni watu gani walioitia maana hiyo? Nani anashika kamba, na nani anaitwa? Tutalishika swali hili tangu mwanzo wa somo hata mwisho.

1. SAUTI ZA KUITANA HAPO ZAMANI

Kabla ya kengele za makanisa na za shule kufika kwetu, watu hawakukosa njia ya kuitana. Katika bara walipiga ngoma, au walipuliza baragumu la pembe. Katika miji ya pwani alikuwako mpiga mbiu. Mbiu ni pembe ya mnyama. Ilipolia, watu walitoka nyumbani kusikiliza neno la mkubwa wa mji. Ndiyo maana twasema hata leo: Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Pate na Lamu walikuwa na siwa, yaani baragumu kubwa la heshima. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu ilifanywa kwa shaba. Siwa haikupigwa ovyo. Ilipigwa katika sherehe kubwa, na si kila mtu aliyeruhusiwa kupigiwa.

Kengele nazo zilikuwako Afrika tangu zamani sana. Wafua chuma wa Kongo na wa nchi za kusini walichukua mabamba mawili ya chuma, wakayapinda, wakayaunga kando kando. Kengele hiyo haikuwa na ulimi ndani yake. Ilipigwa kwa fimbo kutoka nje. Nyingine zilikuwa pacha, yaani kengele mbili zenye mshikio mmoja. Katika sehemu nyingi za Kongo kengele pacha ilikuwa alama ya mfalme. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamezikuta kengele za namna hiyo katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na pia katika makaburi ya matajiri wa zamani huko Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi katika nchi ya Zambia.

Ziko kengele ndogo pia. Mchezaji wa ngoma hufunga njuga miguuni, na kila hatua yake ikasikika. Mfugaji humfunga ng'ombe kengele shingoni, apate kumjua alipo kichakani hata kama hamwoni. Angalieni tofauti hii. Mchezaji huvaa njuga kwa hiari yake, aifurahishe hadhara. Ng'ombe hufungwa kengele asipotee mkononi mwa mwenyewe. Vyote viwili vyalia, lakini habari zake si moja.

2. ADHANA, NA MTU ALIYEITA MJI

Wengine wenu mtasema, "Mwalimu, sisi Waislamu hatuitani kwa kengele." Ni kweli, na sababu yake yasimuliwa katika hadithi za Mtume. Waislamu walipokuwa wamehamia Madina, katika karne ya saba, walishauriana jinsi ya kuitana kwa sala. Wengine walitaja baragumu, kama walivyotumia Mayahudi. Wengine walitaja chombo cha kugonga, kama walivyotumia Wakristo. Kisha Abdullah bin Zaid aliota maneno ya adhana. Mtume akamwagiza amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri zaidi na yafika mbali.

Bilal huyu alikuwa mtu wa asili ya Uhabeshi. Alikuwa mtumwa huko Makka, akateswa kwa ajili ya dini yake, mpaka Abu Bakr alipomnunua na kumwacha huru. Basi fikirini. Mtu aliyekuwa akiitwa na bwana wake, njoo hapa, nenda kule, ndiye aliyekuja kuuita mji mzima. Mkumbukeni Bilal, maana tutarudi kwake mwisho wa somo.

3. MJI WA WALIOACHIWA HURU

Sasa twende Mombasa. Ukitoka kisiwani ukavuka daraja la Nyali kuelekea kaskazini, hufiki mbali kabla ya kusikia utingo akiita, "Kengeleni! Kengeleni!" Watu wengi hushuka hapo kila siku kwenda sokoni na kazini. Lakini kwa nini mahali hapo paitwa Kengeleni? Kwa sababu hapo ipo kengele ya Freretown, na kengele hiyo ina habari yake.

Katika miaka ya 1870 biashara ya watumwa ilikuwa kubwa katika pwani yetu. Watu walitekwa bara, wakafungwa, wakatembezwa hadi bahari, wakapakiwa katika majahazi. Soko kubwa lilikuwa Unguja. Mwanzo wa mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda kwa Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, kumtaka azuie biashara hiyo. Sultani alikataa kwanza. Kisha alitishiwa kwamba manowari zitaifunga bahari yake. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi mapatano mbele ya balozi John Kirk, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Lakini kufunga soko si kumaliza kazi. Manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata majahazi yenye watumwa baharini. Watu waliokutwa ndani waliachiwa huru. Je, wangekwenda wapi? Mtu aliyetekwa utotoni karibu na Ziwa Nyasa hakuijua njia ya kurudi kwao. Na hata kama angeijua, angekamatwa tena njiani.

Kwa hiyo chama cha misioni kiitwacho CMS kilimtuma kasisi William Salter Price kuja Mombasa. Alifika mwishoni mwa mwaka 1874. Mwaka uliofuata ardhi ilinunuliwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, na kijiji kikaanzishwa. Kiliitwa Freretown kwa jina la yule Sir Bartle Frere. Mwaka ule ule wa 1875 manowari zilileta mamia ya watu walioachiwa huru, wanaume, wanawake na watoto wengi.

Watu hao hawakuwa kabila moja. Wengine walikuwa Wayao, wengine Wanyasa, wengine Wamakua, na wengine wa makabila mengine. Hawakuwa na mzee mmoja, wala mila moja. Hata lugha yao ya kusemezana, Kiswahili, wengi wao walijifunza katika utumwa au baada yake.

Waliowapokea na kuwafundisha hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwako pia Waafrika waliokuwa wameokolewa baharini zamani zaidi, wakapelekwa Bara Hindi, wakasoma katika shule ya Nasik karibu na Bombay. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler. Hao wawili walifanywa mashemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Walijua utekwa ni nini, maana yaliwapata wenyewe.

4. KENGELE YA HATARI

Katika kijiji kama hiki kengele ilikuwa na kazi nyingi. Iliwaita watu kanisani. Iliwaita watoto shuleni na watu wazima kazini. Lakini kazi iliyoifanya ikumbukwe hata leo ni nyingine: ilikuwa kengele ya hatari.

Wenye watumwa wa pwani, Waarabu na Waswahili, hawakupendezwa na kijiji hiki. Kwao mtumwa alikuwa mali, na hapa palikuwa mahali pa kuwaonyesha watumwa wengine kwamba waweza kuishi bila bwana. Mwaka 1880 hasira ilipanda sana, wakatishia kuivunja Freretown. Watu wa kijiji hawakulala kwa raha. Waliposhuku kwamba wateka watu wanakuja, kengele ilipigwa ili wote wasikie, wakimbilie usalama na kujilinda.

Hebu fikirini, ndugu zangu, mwanamke aliyekuwa kijijini hapo usiku. Zamani, kwao, wateka watu walipokuja hapakuwa na onyo. Aliamka moto ukiwaka na kamba i shingoni. Sasa ana mume, ana mtoto, ana shamba dogo la mihogo. Akisikia kengele yapigwa upesi upesi bila kupumzika, anajua la kufanya: kumnyakua mtoto na kukimbia. Kengele ilimpa kitu ambacho zamani hakuwa nacho, nacho ni nafasi. Nafasi ya dakika chache tu, lakini dakika hizo ndizo zilizogawa uhuru na utumwa.

Hatari hiyo haikuwa ya maneno tu. Kulikuwa na kijiji kingine upande wa bara, jina lake Fuladoyo, kilichokaliwa na watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao. Kiongozi wao alikuwa Mgiriama Mkristo, David Koi. Mwaka 1883 alikamatwa akauawa.

5. UPANDE WA PILI WA HABARI

Wasikilizaji wapenzi, historia njema husema yote. Nisiposema upande wa pili nitakuwa nimewapa nusu ya somo.

Kwanza, kengele ya Freretown haikumlinda kila mtu. Wamisionari walikuwa wametakiwa wasiwapokee watoro, kwa kuwa sheria ya nchi ilikuwa bado yamtambua mtumwa kuwa mali. Aliyetolewa jahazini na manowari alihesabiwa huru. Aliyekimbia shambani kwa miguu yake mwenyewe alihesabiwa mtoro. Wengine walipokewa kwa siri, hasa Rabai, na wengine walirudishwa kwa mabwana zao. Watu wawili, shida moja, lakini kengele ikawaita mmoja na kumwacha mwingine.

Pili, ndani ya kijiji kenyewe mkono ulioshika kamba haukuwa mkono wa wanakijiji. Wakati wa kazi, wakati wa sala na wakati wa kulala uliamriwa na msimamizi Mzungu. Katika mwaka 1881 ilijulikana kwamba watu waliokosa walikuwa wakichapwa viboko vikali na kufungwa. Watu walioponyoka mijeledi ya mabwana waliikuta mijeledi mingine mahali palipoitwa pa uhuru. Habari zilifika Uingereza, uchunguzi ukafanywa, na adhabu zile zikalaumiwa.

Basi twaona nini? Kengele ile ile iliyomwamsha mtu usiku aokoke, asubuhi ilimwita asimame mstarini. Kengele haikubadilika. Waliobadilika ni wanaoipiga na sababu ya kuipiga.

Tarehe 1 Januari 1889 jambo kubwa lilifanyika Rabai. Watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vijiji vya misioni walipewa hati za uhuru, na mabwana zao wakalipwa fedha. Mpango huo ulifanywa na George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Baadaye sheria za utumwa ziliondolewa moja moja: Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Angalieni miaka hiyo. Tangu soko la Unguja kufungwa mpaka sheria ya Tanganyika, ilipita miaka 49. Mtoto aliyezaliwa siku soko lilipofungwa alikuwa na mvi kabla kazi haijaisha.

6. KENGELE ZA KAZI

Utumwa ulipokwisha, kengele hazikunyamaza. Zilipata kazi mpya. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, na baadaye mashamba yake yakaenea Tanga, Morogoro na kwingineko. Katika karakana na mashamba hayo saa ya kazi ilitangazwa kwa kengele, au kwa pande la reli lililotundikwa mtini na kugongwa kwa chuma. Mwenye kusikia hilo pande la reli alfajiri alijua kwamba mnyapara amekwisha kusimama na orodha ya majina.

Mfanya kazi wa mkonge aliitwa manamba, kwa kuwa alijulikana kwa namba yake. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Siku asiyotimiza kazi yake haikuandikwa. Wengi hawakujua kusoma, wala hawakuweza kukitazama kipande chao wakajua kama siku zimeandikwa zote. Walisikia kengele vizuri sana, lakini karatasi hawakuisikia. Hapo ndipo mtu alipoweza kudhulumiwa kimya kimya, bila mlio wowote.

Pande lile lile la reli lilitundikwa pia penye miembe ya shule nyingi za vijijini, na pengine rimu ya gurudumu la lori. Mtoto alipolisikia alikimbia, asichelewe. Na wako wazazi waliolisikia kila asubuhi kutoka shambani, wakainamia jembe, maana halikuwaita wao. Huenda baadhi yenu mlio darasani jioni hii mlikuwa watoto wa namna hiyo: mliisikia kengele ya shule, lakini mlikuwa mkichunga ng'ombe, au mkimlea mdogo wenu mgongoni.

7. NENO LA MWISHO

Sasa turudi kwenye swali letu: kengele yamwita nani, na nani anashika kamba?

Tumeona kengele ya mfalme, iliyosema, "Mkubwa yuko hapa." Tumeona kengele ya ng'ombe, iliyosema, "Huyu ana mwenyewe." Tumeona kengele ya hatari, iliyosema, "Jilindeni." Tumeona kengele ya kazi, iliyosema, "Njoo uhesabiwe." Kila moja ilikuwa chuma au shaba. Jema lake au baya lake lilitoka kwa watu.

Na watu wa Freretown hawakubaki kuwa wa kuitwa tu. Walijifunza kusoma na kuandika. Wakawa makarani, mafundi, walimu na wahubiri, nao wakaenda kufundisha mahali pengine. Chuo cha kuwafundisha makasisi kilianzishwa hapo mwaka 1903, na mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru. Mlimkumbuka Bilal? Habari ni ile ile. Mtu aliyekuwa akiitwa aliinuka akawaita wengine.

Mnara wa kengele upo hata leo penye njia panda ya Kengeleni, umehifadhiwa kuwa kumbukumbu ya watu wale. Magari yapita kwa wingi, na wengi wapitao hawautazami. Ukipata safari ya Mombasa, simama hapo kidogo. Huna haja ya kuisikia kengele ikilia. Soma jina la mahali kwa macho yako mwenyewe, herufi kwa herufi: KE-NGE-LE-NI. Utakuwa umesoma neno lililoandikwa na maisha ya watu.

(Kengele inalia mara moja.)

MANENO YA KUJIFUNZA. Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni, na kila mtu ayanakili.

Mbiu: pembe ya mnyama ipigwayo ili watu wapate tangazo.
Ulimi wa kengele: kipande kinachoning'inia ndani ya kengele na kuigonga.
Mtoro: mtu aliyekimbia, hapa, mtumwa aliyemkimbia bwana wake.
Hati: karatasi yenye neno la sheria.
Mnyapara: msimamizi wa wafanya kazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mahali palipo na kengele ya Freretown paitwa Kengeleni?
2. Mtu aliyetolewa jahazini na mtoro aliyekimbia shambani walitofautianaje mbele ya sheria? Je, waona ilikuwa haki?
3. Taja sauti tatu zinazowaita watu katika kijiji au mtaa wako. Kila moja yamwita nani? Nani anaipiga?
4. Kazi ya nyumbani: muulize mzee mmoja habari ya kengele, ngoma au baragumu aliyoisikia utotoni mwake. Andika sentensi tano. Usijali makosa ya herufi; mwalimu atayasahihisha.

Wasikilizaji wapenzi, kipindi chetu kimekwisha. Juma lijalo, mkisikia kengele ikilia mara tatu, jueni kwamba inawaita ninyi. Kwaherini.